Jina la Kendali Lilivyofika Lalago

Pale Kasoli, watu wakibishana juu ya jambo la zamani, ubishi hauendi mbali. Mvua za mwaka fulani zilianza lini, kisima cha bondeni kilichimbwa na nani, dume la fulani lilinunuliwa mnada upi, yote hayo wanayapeleka kwa Milembe Kendali. Wanamkuta barazani kwake na rundo la pamba mbele, anatenga pamba safi huku na fifi, ile yenye madoa, kule, na anawajibu bila kuinua macho.

"Mvua zilianza siku ya tatu baada ya kumzika mke wa katekista. Nendeni."

Nao huenda. Hakuna aliyewahi kurudi kumwambia kwamba alikosea.

Ana miaka themanini. Elimu yake ni darasa la nne la shule ya misheni kule Nassa, na hilo darasa la nne hulitaja kama wengine wanavyotaja chuo. "Wakati ule," husema, "mwalimu alikuwa anafundisha na mtoto alikuwa anafundishika." Aliolewa Kasoli akiwa na miaka kumi na tisa, akalima pamba na mumewe mpaka mume akafariki, kisha akaendelea kuilima peke yake. Alizaa mmoja tu, na huyo hakuishi. Basi watoto wa kaka yake, Athanasi, ndio walikuwa wake, na wajukuu wa Athanasi ndio wanaomwita bibi.

Jina lake huwashangaza wageni. Siku alipokwenda kuandikishwa kitambulisho cha taifa, kijana wa kwenye meza aliiangalia fomu, akamwangalia yeye.

"Bibi, hili Kendali ni jina la Kizungu."

"Lilikuwa."

"Kwa hiyo ninyi mna asili ya..."

"Mjukuu wangu, jina hili limekaa Usukuma tangu baba yako hajazaliwa. Limekula ugali, limelima, limezikwa hapa. Andika."

Kijana akaandika.

Na kweli Milembe alijua jina hilo lilikotoka, hatua kwa hatua, kama mtu anavyojua njia ya kwenda kuteka maji. Baba yake, Malimi, alikuwa mpishi wa mkaguzi wa pamba aliyekaa Nassa miaka ya mwisho ya Waingereza. Mkaguzi huyo ndiye Bwana Kendali. Alikuwa mrefu, mwekundu shingoni, na kila mahali alikwenda na fimbo yenye alama za kupimia nafasi kati ya mche na mche. Sheria ilikuwa kwamba pamba ikishavunwa, mabua yang'olewe na kuchomwa kabla ya tarehe fulani. Bwana Kendali akiyakuta yamesimama baada ya tarehe hiyo, mwenye shamba atalipa faini. Kwa hiyo jina lake lilijulikana Busega, Maswa, Ntuzu, kote. Mtu akisema "Kendali anakuja," hata mzee mwenye mguu mbovu alikimbilia shambani.

Malimi alikuwa mtu wa kuuliza. Siku moja, akiwa anakatakata vitunguu, alimuuliza bwana wake maana ya jina lake. Bwana Kendali akamweleza, na Malimi akamweleza binti yake, na binti yake hakusahau.

Kendali ni mji, alisema yule Mzungu. Uko kaskazini ya Uingereza, kwenye bonde la mto, na watu wake zamani waliishi kwa kufuma nguo za sufu. Mababu zake walitoka huko, wakahama. Walipofika kwa watu wengine, wakaulizwa, "Huyu nani?" Jibu likawa, "Huyu ni yule wa Kendali." Basi likawa jina. Kizazi kingine kikahama tena, kwenda kwenye miji ya viwanda vya pamba. Babu yake alisokota nyuzi kiwandani maisha yake yote, na baba yake vilevile. "Na mimi," akasema, "nimekuja kuona pamba inatoka wapi."

Malimi akamuuliza, "Huko Kendali bado mna ndugu wengi?"

Mzungu akacheka. "Sijawahi kufika. Na mjini penyewe zamani hakuna aliyeitwa Kendali. Wote walikuwa wa hapo. Ungemtofautisha na nani? Jina hili ni la waliohama."

Malimi naye alilipata vivyo hivyo. Sokoni na kanisani kulikuwa na akina Malimi wengi, na watu walimtofautisha yeye kwa kusema Malimi wa Kendali. Karani wa kodi akaandika Malimi Kendali. Bwana wake aliporudi kwao, hakulichukua jina lile kutoka kwenye daftari. Likabaki, likaenda kwa Athanasi na Milembe, kisha kwa Method, mtoto wa Athanasi, kisha kwa Felisita, binti wa Method, ambaye sasa ni muuguzi Bariadi mjini.

Ni Felisita huyu aliyeleta mambo.

Ilikuwa mwezi wa saba, pamba inapelekwa chama cha msingi, watu wamechoka na wana furaha. Alikuja nyumbani kwa baba yake akasema amepata mtu. Ni fundi umeme, mpole, hanywi, na wazazi wake wako tayari kutuma mshenga. Method, ambaye hucheka kwa shida, siku ile alicheka.

"Anaitwa nani?"

"Mayige."

"Mayige nani? Wa wapi?"

Felisita akainamisha uso. "Mayige Kendali, baba. Wa Lalago."

Kicheko kikakatika pale pale. Method akasimama, akaketi, akasimama tena.

"Lalago? Mtoto wa Mayunga? Felisita! Huyo ni baba yako mdogo!"

"Baba, sijawahi hata kumuona kabla ya mwaka jana."

"Kumuona si kitu! Mimi nimelelewa kwenye boma lile. Mzee Ngassa Kendali, babu yake huyo kijana, nilikuwa namwita guku, babu yangu. Mwaka wa njaa tulikula kwake miezi saba, mimi na dada zangu. Tulipokelewa kwa sababu ni damu moja. Utaolewaje na damu yako?"

Huko Lalago nako kulikuwa moto. Mayunga, baba wa kijana, aliposikia jina la msichana, alimwambia mwanawe kwamba aibu kama hiyo haijawahi kuingia kwenye ukoo wa Kendali na haitaanzia kwake. Wazee wawili wakapigiana simu, wakapatana haraka kuliko watu wanavyopatana juu ya jambo lolote jema. Jumamosi inayofuata Method ataenda Lalago na binti yake, watoto watasimamishwa mbele ya wote wawili, wataambiwa waachane, na mambo yataishia hapo.

Pale Kasoli wote walimgeukia Milembe athibitishe undugu huo. Milembe akasema amechoka, akaingia ndani. Method hakuona ajabu. Felisita aliona.

Kesho yake asubuhi akamfuata barazani, akaketi chini kwenye pamba, akaanza kutenga naye safi na fifi.

"Mwangaluka, bibi."

"Mwangaluka. Hiyo yenye doa usiweke kwenye safi, utaniharibia."

Wakaendelea kutenga. Kisha Felisita akasema, "Bibi, wewe unajua mpaka mke wa katekista alizikwa lini. Sitaki kubishana na baba. Nitajie tu babu mmoja ambaye mimi na Mayige tunatoka kwake wote. Jina lake moja. Ukinitajia, namwacha leo hii, na sitalia mbele yako."

Mkono wa Milembe ukasimama juu ya pamba.

Katika maisha yake yote hakuna aliyemuuliza jambo la ukoo akakosa jibu. Na hili nalo lilikuwa na jibu. Jibu lilikuwa kwamba babu huyo hayupo, na Milembe alijua hayupo, kwa sababu undugu wa Kasoli na Lalago aliutengeneza yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, mlangoni kwa Ngassa, miaka hamsini iliyopita.

"Jumamosi nakwenda na ninyi," alisema.

"Ila hujanitajia, bibi."

"Nimesema nakwenda."

Lazima isemwe ilivyokuwa. Mwaka wa sabini na nne watu walikuwa wamehamishiwa kwenye vijiji vipya, mashamba yamebaki mbali, na mvua ikakataa. Athanasi alikuwa amelala na kifua, mkewe anamuuguza. Milembe akawachukua watoto wao watatu, Method akiwa na miaka sita, akaenda nao kwa miguu na kwa lori la watu mpaka Lalago. Alisikia kuna mzee ana ghala mbili za mtama ambazo hazijafunguliwa, na kwamba anaitwa Ngassa Kendali.

Jina hilo hakulisikia kama mtu anavyosikia jina la ndugu. Alimfahamu Ngassa. Alimwona mara moja tu, akiwa na miaka kumi, na mtu aliyemwona Ngassa siku ile hakuweza kumsahau.

Ilikuwa kule Nassa, baada ya mauzo ya pamba, msimu wa ngoma. Vikundi viwili vilicheza kwa wakati mmoja kwenye uwanja mmoja, na mshindi alikuwa yule atakayevuta watu wengi upande wake. Kikundi kimoja kilikuwa cha Nassa penyewe. Kingine kilitoka Lalago, na manju wake, yule anayeongoza ngoma, alikuwa kijana mwembamba anaitwa Ngassa. Mpaka saa tisa mchana Lalago walikuwa wameshindwa. Walibakiwa na vikongwe wachache na mbwa. Ngassa akatoweka nyuma ya nyumba. Aliporudi, alikuwa amevaa koti kuukuu, nusu ya kibuyu kichwani kama kofia ya Mzungu, na fimbo ndefu mkononi. Akaanza kutembea. Alinyanyua magoti kama korongo kwenye matope, shingo mbele, akasimama ghafla, akapima nafasi kati ya miguu ya mama mmoja mnene, akatikisa kichwa kwa huzuni kubwa, akaandika faini kwenye kiganja chake.

Watu walianguka kwa kicheko. Upande wa Nassa ukabaki na ngoma zake tu. "Kendali! Kendali!" walipiga kelele mpaka jua likashuka, na Ngassa aliondoka pale na jina lile kama mtu anavyoondoka na dume la zawadi. Lilitembea kwa miguu, linaimba, kutoka Nassa mpaka Lalago.

Malimi alirudi nyumbani amevimba kwa hasira. Kesho yake Bwana Kendali, ambaye alisikia, alimuuliza wakati wa chai, "Wanasema kuna mtu anatembea kama mimi. Ni kweli?"

Malimi hakuwahi kumdanganya. "Bwana," alisema, "anakuzidi."

Basi mwaka wa njaa, Milembe aliposimama mlangoni kwa Ngassa na watoto watatu wenye matumbo matupu, alijua anachosema. Alisema, "Mwangaluka, baba. Mimi ni Milembe Kendali, binti Malimi Kendali wa Nassa. Sisi ni damu moja. Nimewaleta watoto wako."

Ngassa wakati huo alikuwa mzee wa kanisa. Ngoma aliiacha, na hakutaka ikumbukwe. Aliwatazama watoto, kisha akamtazama yeye.

"Binti Malimi mpishi?"

"Ndiyo, baba."

"Kulikuwa na ngoma Nassa, zamani. Ulikuwepo?"

Milembe akamtazama machoni. "Sikumbuki, baba."

Ni mara moja tu katika maisha yake alisema neno hilo.

"Vizuri," Ngassa akasema. "Hata mimi sikumbuki. Basi sisi ni ndugu. Mayunga! Fungua ghala, dada yako amekuja."

Ndivyo ilivyokuwa. Milembe alikaa wiki moja akarudi kwa kaka yake, watoto wakabaki mpaka mavuno. Tangu hapo, msiba wa Kasoli Lalago wanakuja, na msiba wa Lalago Kasoli wanakwenda. Ngassa alikufa na neno lake, na Milembe aliapa moyoni kufa na lake.

Sasa angelazimika kulivunja, tena mbele ya watoto wa marehemu, ambao walijivunia jina lao kupita kiasi. Watu wa Lalago walisema Mzungu mwenyewe alimpa Ngassa jina kwa mkono wake, kwa sababu pamba yake ilishinda wilaya nzima. Mayunga alikuwa ameliandika jina hilo kwa rangi nyeupe kwenye ukuta wa nyumba.

Jumamosi, ndani ya gari la kukodi, walipoipita Maswa, Milembe alisema kutoka kiti cha nyuma, "Method, wale si ndugu zetu."

Method alikuwa amekaa mbele. Akageuka na mwili mzima. "Sengi, unasema nini?" Humwita hivyo tangu utoto, ndivyo Wasukuma wanavyomwita shangazi. "Si wewe uliyetuambia?"

"Ni mimi."

"Halafu?"

"Halafu nitalitolea neno hilo pale pale nilipoliingizia. Wewe kaa kimya, uendelee kukasirika. Unakasirika vizuri."

Dereva akakohoa ili asicheke. Felisita akamshika bibi yake mkono na hakuuachia mpaka Lalago.

Boma la Mayunga lilikuwa limefagiliwa. Mayunga mwenyewe ana miaka sabini na mitano, mwili mkubwa, sauti ya kuita ng'ombe. Pembeni yake aliketi dada yake mkubwa, Martha, aliyejifunika kitenge mabegani, na nyuma yao yule kijana Mayige, kichwa chini. Salamu zikaenda na kurudi, mwadila, mwadila, habari za mifugo, habari za miguu. Kisha Mayunga akaanza.

"Ndugu zangu. Baba yetu Ngassa alipewa jina hili na Bwana Kendali kwa mkono wake, kwa ajili ya pamba. Babu yenu Malimi, ndugu yake wa damu, alipewa na huyo huyo. Tumekuwa ukoo mmoja. Leo watoto wetu wanataka kutufanya tuwe kichekesho..."

"Mayunga," Milembe akasema.

"Dada, ngoja nimalize."

"Ukimaliza utakuwa umesema mengi ya kurudisha. Ngoja kwanza."

Akayasema yote. Hakusimama, na sauti yake haikutetemeka. Alisema juu ya uwanja wa Nassa, kibuyu, fimbo na yule mama mnene. Alisema juu ya mlango ule ule waliokuwa wameuelekea, na maneno mawili yaliyosemwa pale, lake na la Ngassa. "Nilidanganya," alisema. "Watoto walikuwa na njaa, na nikiulizwa tena nitadanganya tena. Lakini Felisita ameniomba jina la babu mmoja, na mimi sina. Sitamtungia babu."

Mayunga alikuwa ameinuka. Mishipa ya shingo ilimsimama.

"Unamfanya baba yangu mcheza ngoma? Mzee wa kanisa? Kwenye boma lake?"

"Sikumfanya mimi. Alijifanya mwenyewe, na alifanya kuliko wote."

"Jina letu liwe la mzaha? Lenu ndilo la kweli?"

"Letu ni la jikoni, Mayunga. Baba yangu alilipata kwa kukaangiza mayai. Baba yako alilishinda mbele ya watu elfu kwa miguu yake. Kama ningeachiwa nichague pa kuzaliwa, ningechagua kwako." Akavuta pumzi. "Na hata huyo Mzungu, mnadhani jina lilikuwa la damu yake? Ni mji. Waliohama ndio walioitwa hivyo, huyu mfumaji, yule mchunga kondoo, hawajuani. Watu wetu waliohamia Geita na ng'ombe zao huko wanaitwaje?"

"Wanyantuzu," akajibu Method, ambaye alisahau kukaa kimya.

"Wote ni ndugu?"

"Hapana."

"Hawaoani?"

"Wanaoana."

"Na kule kwetu Ntuzu nani anaitwa Mnyantuzu?"

"Hakuna," akasema Method. Mayunga alikuwa bado amesimama. "Maneno," alisema. "Ni maneno yako tu, na umekiri mwenyewe kwamba ulidanganya. Nitaaminije la leo niache la jana?"

Hapo Milembe hakuwa na shahidi. Wote waliokuwepo Nassa siku ile walikuwa udongoni. Felisita aliuma mdomo.

Martha ndiye aliyeuliza. "Alitembeaje?"

"Nini?"

"Baba. Siku hiyo. Alitembeaje?"

Milembe akamtazama. Kisha akaweka mikono magotini, akasukuma, akasimama. Akachukua bakora ya Mayunga iliyoegemea ukutani bila kuomba. Akanyanyua goti la kulia, la kushoto, juu kabisa, shingo mbele, bibi wa miaka themanini kwenye boma la watu, kama korongo kwenye matope. Akasimama ghafla mbele ya Method. Akapima nafasi kati ya viatu vyake. Akatikisa kichwa kwa huzuni. Akaandika kwenye kiganja.

Martha alijifunika uso kwa kitenge. Walidhani analia, na pengine alikuwa analia, lakini mabega yalikuwa yanaruka.

"Mayunga," alisema kutoka ndani ya kitenge. "Mayunga! Shamba la mtama! Kila msimu wa kupanda!"

Martha akashusha kitenge, akamgeukia kaka yake.

"Baba na fimbo yake kwenye matuta. Mama alikuwa anacheka mpaka anakaa chini. Tulimuuliza, baba unafanya nini, akasema, ninapima. Umesahau? Na wewe ulikuwa unamfuata nyuma, unanyanyua magoti!"

Mzee yule mkubwa akaketi taratibu. Kila mtu alimwona anaukumbuka ule mwendo. Macho yake yalikuwa kwenye mlango.

"Kwa hiyo mwaka wa njaa," alisema baadaye, sauti imeshuka, "baba alijua kwamba si ndugu."

"Alijua kabla sijamaliza kusema mwangaluka."

"Akaniambia nifungue ghala."

"Akakuambia."

"Ule mtama haukututosha hata sisi. Tulikula viazi pori mwisho wa msimu ule. Nilijiambia, si kitu, ni ndugu." Akajifuta uso kwa kiganja. "Yeye alijua ni watu baki, akawalisha."

Method aliinuka, akavuka uwanja, akapiga magoti mbele ya Mayunga kama mtoto wa miaka sita. Mayunga akamshika kichwani.

"Inuka, bwana. Unachafua suruali." Kisha akageuka nyuma. "Mayige! Unaangalia nini chini, umepoteza shilingi? Mpe mkwe wako kiti."

Martha akapiga kigelegele, na Felisita akaficha uso kwenye bega la bibi yake, ambaye bado alikuwa ameshika bakora ya watu.

Chakula kikaletwa, na baada ya chakula Mayunga, ambaye hapendi siku ipite bure, akasema kwa kuwa wazee wote wapo, hakuna haja ya mshenga kuja na kurudi. Wazungumze ng'ombe sasa hivi. Method alitaka kutaja idadi ndogo kwa heshima ya mtama ule. Milembe akamkanyaga mguu.

"Binti yetu ni muuguzi," alisema. "Ishirini."

"Ishirini!" Mayunga akaweka kikombe chini. "Ishirini, dada yangu?"

"Dada yako nani?" akasema Milembe.